Aiskrimu Haijui Kusubiri

Katika miji midogo ya Marekani, hasa majimbo ya katikati kama Iowa, Wisconsin na Indiana, majira ya joto hayaishi bila kanisa, shule au kikosi cha zimamoto cha kujitolea kuwaalika watu waje kula aiskrimu. Si harusi wala maulidi, na hakuna aliyezaliwa. Meza hupangwa uwanjani chini ya miti, keki zilizookwa majumbani huwekwa pembeni, bendi ya mji hupiga, na wazee hukaa vitini wakijuliana hali: mahindi yamestawi vipi, magoti yanauma kiasi gani.

Mila hii ilishika mizizi katika karne ya 19. Kabla ya hapo aiskrimu ilikuwa chakula cha wenye nacho. Rais Thomas Jefferson aliacha maelezo ya kuitengeneza yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, lakini Jefferson alikuwa na ghala la barafu nyumbani kwake, na jikoni mwake walifanya kazi watumwa. Mkulima wa kawaida alikuwa na ng'ombe, kuku na sukari kidogo. Alichokosa ni barafu ya mwezi Julai.

Barafu ilishuka bei kwa sababu ya biashara. Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston alipakia barafu melini akaipeleka kisiwa cha Martinique, na kufikia 1833 barafu ya Marekani ilikuwa imefika Calcutta, India. Ilikatwa kwa misumeno kwenye maziwa na mabwawa yaliyoganda wakati wa baridi, ikahifadhiwa ghalani katikati ya vumbi la mbao, ikadumu hadi kiangazi. Kisha mwaka 1843 Nancy Johnson, mkazi wa Philadelphia, akapata hataza ya mashine ya kutengenezea aiskrimu kwa mkono.

Mashine yenyewe ni pipa dogo la mbao lenye mkebe wa chuma ndani yake. Mkebeni humiminwa maziwa, krimu, mayai, sukari na vanila. Nafasi iliyobaki kati ya mkebe na pipa hujazwa barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na maji yale ya chumvi huwa baridi kuliko barafu yenyewe, hivyo huyanyonya maziwa joto lake hadi yakagande. Mtu huzungusha mkono wa mashine bila kupumzika ili mapanga ya ndani yakwangue kinachoganda ukutani. Mwanzoni hata mtoto anaweza. Baada ya muda mkono huwa mzito, wanaume hupokezana, na mtoto huketishwa juu ya pipa, kwenye gunia lililokunjwa, ili lisiyumbe. Ujira wake hujulikana: mapanga yakitolewa, yeye ndiye wa kwanza kuyalamba.

Hapo ndipo siri ya mkusanyiko ilipo. Aiskrimu ikishaganda haijui kusubiri. Nyumba za wakati ule hazikuwa na friji. Kilichobaki kingekuwa maziwa matamu kabla ya jua kuchwa. Kazi ilihitaji mikono mingi, na matokeo yake yalihitaji vinywa vingi, vyote saa ileile. Kuwaita majirani ilikuwa ndiyo njia pekee ya kutoitupa.

Akina mama wa makanisa waliona faida mapema. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920 tu, lakini miaka mingi kabla ya hapo vyama vyao vya kanisa vilikuwa na hazina zao na wahasibu wao. Mgeni alilipa senti chache kwa sahani, na fedha ile ikaezeka paa au ikanunua kinanda. Msomaji aliyekulia kwenye harambee ataitambua hesabu hii mara moja. Wamethodisti na wengine waliopinga pombe waliipenda zaidi, maana hapa palikuwa na starehe ambayo mchungaji angeweza kuhudhuria hadi mwisho. Pombe ilipopigwa marufuku kati ya 1920 na 1933, hata baadhi ya viwanda vya bia, kama Yuengling cha Pennsylvania, viligeukia aiskrimu.

Kwa vijana, ilikuwa nafasi ya kuonana mbele ya wazazi bila lawama. Taa za karatasi zilitundikwa mitini, na michezo haikukosekana. Mmoja uliodumu ni wa kuzunguka juu ya namba zilizoandikwa chini huku muziki ukipigwa; muziki ukikoma, namba hutajwa, na aliyeikanyaga huondoka na keki nzima. Asili ya mchezo huo ni ngoma ya Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya Kusini, waliocheza kwa madaha wakiwakejeli mabwana zao.

Hata ladha ina mkono wa mtumwa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, alionyesha namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Kilimo hicho kikaenea hadi Madagaska na Komoro, na vanila ikaacha kuwa adimu.

Leo karibu kila nyumba ina friza. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan aliutangaza Julai kuwa mwezi wa aiskrimu kitaifa, lakini tangazo la rais halipangi meza. Zamani barafu ndiyo iliyowalazimisha watu kukutana. Sasa lazima apatikane mtu wa kuandika orodha ya nani ataleta keki na nani atabaki kufuta meza. Palipokosekana mtu huyo, mila imekufa kimyakimya, ingawa aiskrimu imejaa madukani.

Mahali pamoja ilipobaki hai ni shule za msingi, ambazo huwaalika wazazi kabla ya muhula mpya. Familia nyingi za Kikongo na Kirundi zilizohamia Marekani hupokea karatasi ya mwaliko huo na kujiuliza wavae nini na wabebe zawadi gani. Hakuna hotuba, hakuna mgeni rasmi, wala zawadi haihitajiki. Ukifika katika saa zilizoandikwa inatosha, kwa kuwa saa ya kumaliza nayo huheshimiwa. Ila mzazi anayetaka kufahamika upesi na ajitolee kuchota. Kila mtu uwanjani atapita mbele yake, atamsalimu na kumuuliza jina.