Stima ikipotea, petroli hubaki ardhini

Watu wengi hudhani kwamba petroli haikosekani ila meli zikichelewa bandarini. Lakini kuna uhaba mwingine ambao huja ghafla, hali matangi yamejaa pomoni. Huu ni uhaba wa stima ya kuyatoa mafuta ardhini.

Kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, jambo hili ni la afya kabla ya kuwa la biashara. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku huko Mtongwe, au mtoto wa Mtopanga anayeshindwa kupumua, hutegemea ambulensi, teksi au tuktuk ili kufika huko.

Katika kituo cha petroli, mafuta huwekwa kwenye matangi yaliyofukiwa chini. Pampu inayoyavuta huendeshwa na mota ya umeme. Stima ikikatika, mota husimama. Ajabu ni kuwa mafuta mengi ya nchi hushushwa Kipevu, Changamwe, na bomba la kwenda Nairobi limeanzia papo hapo tangu 1978. Hata hivyo, dereva aliye karibu na bomba hilo aweza kukosa lita moja.

Giza si geni kwetu. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. Mwaka 2023 giza liliikumba nchi Agosti, Novemba na Desemba. Novemba hiyo, mvua za El Niño zilikuwa zikifurika Mombasa.

Stima ikipotea kwa muda mrefu, shida hufuatana. Maji ya Baricho na ya visima vya Tiwi husukumwa kwa pampu za umeme, na maji safi yakikosekana kipindupindu hakiko mbali. Chanjo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Jenereta ya zahanati itazihifadhi, lakini nayo yataka dizeli, na dizeli iko kwenye kituo kisicho na stima.

Jimbo la Florida, Marekani, lilijifunza hayo baada ya kimbunga Wilma mwaka 2005. Mwaka uliofuata, sheria ilivitaka vituo vipya, na vingine vikubwa vilivyo karibu na barabara za kuwahamishia watu, viwe na nyaya na swichi tayari kwa kuunganishwa na jenereta.

Mwenye kituo afanye nini?

Jenereta iwe na nguvu za kutosha, kwani mota inapowashwa huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokwisha kuzunguka. Iwekwe mahali palipoinuka, mafuriko yasiifikie, na mbali na matundu ya kupumulia ya matangi. Fundi aliyehitimu aweke swichi ya kubadilishia umeme. Bila hiyo, umeme waweza kurudi kwenye nyaya za barabarani na kumwua fundi anayezitengeneza. Ijaribiwe mara kwa mara ikiendesha pampu yenyewe, na iwe na akiba yake ya dizeli. Siku ya maafa, ambulensi na zahanati zihudumiwe kwanza.

Na wewe nyumbani?

Usiweke petroli chumbani, wala usiimimine karibu na mshumaa au koroboi. Usiinyonye kwa mpira; ikiingia mapafuni huleta madhara makubwa. Mtu akiimeza, usimtapishe, mpeleke hospitali. Usiitie kwenye chupa ya soda, mtoto ataidhania kinywaji.

Jenereta iwashwe nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Mwenye kisukari asitupe insulini kwa sababu friji imezima. Aina nyingi hukaa wiki nne hivi nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Ifunge vizuri, uiweke kivulini ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi.

Mwenye mja mzito au mgonjwa nyumbani asingoje giza. Kubalianeni mapema na dereva wa jirani, naye asiache tangi lake lishuke chini ya nusu. Na mkipita kwenye kituo cha mtaani kwenu, mwulizeni mwenyewe kama jenereta yake inafanya kazi.