Riwaya za vijana: anayesoma siye anayelipa

Oktoba mwaka jana nilipanga meza ya vitabu kwenye mahafali ya kidato cha nne, katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Nilikuwa na nakala 40 za riwaya yangu ya vijana, kitenge cha kutandika, chenji ya noti za elfu moja, na namba ya kupokea malipo ya simu niliyoiandika kwa maka peni kwenye kipande cha boksi. Binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama mezani, akafungua kitabu, akasoma. Mgeni rasmi alihutubia, turubai likapigwa na upepo, wenzake wakamwita wapige picha. Yeye anasoma tu.

Mama yake alipofika alikichukua kitabu, akakigeuza nyuma, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hiki kipo kwenye mtihani?" Nikamjibu hakipo. Akakirudisha mezani taratibu. Binti akatazama ukurasa aliofikia, akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake: 41.

Swali la yule mama ndilo linaloendesha biashara ya riwaya za vijana katika Kiswahili. Msomaji ana miaka 15, lakini fedha ziko kwa mzazi, kwa mkuu wa shule, kwa wizara. Kijana akitaka kuwa mwandishi wa vijana wenzake, na akitaka kazi hiyo imsaidie kulipa kodi ya chumba, aanze kwa kulielewa jambo hilo kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

Mlango wa shule

Mwulize mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne Tanzania katika miaka ya karibuni amesoma riwaya gani. Atakutajia Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, au Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Vitabu hivyo viliingia kwenye orodha ya fasihi ya sekondari, na kila mwaka kikaja kidato kipya chenye wasomaji wapya. Ukienda dukani Kariakoo au kwenye kibanda cha vitabu stendi ya mkoani, hutavikosa, hata kama riwaya nyingine hakuna.

Kenya hali ni hiyo hiyo, na kwa ukubwa zaidi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo inayopitisha vitabu teule. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitahiniwa hadi mwaka 2022, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ikashika zamu mwaka 2023. Mwaka huo watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walikaribia 900,000. Hakuna duka, maonyesho wala tangazo linaloweza kumpa mwandishi wa Kiswahili wasomaji wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Lakini mlango huo ni mwembamba. Katika mzunguko mmoja wa miaka kadhaa hupita riwaya moja, na walioandika ni mamia. Tena unaweza kuhamishwa wakati wowote: mfumo wa elimu wa 8-4-4 unafanya KCSE yake ya mwisho mwaka 2027, na wachapishaji wa Nairobi wanapanga upya vitabu vyao kwa mtaala mpya. Maduka nayo yaliyumba serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, huku kitabu kikiwa tayari kinabeba VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya mwaka 2013.

Na mlango wa shule una walinzi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazungumza waziwazi juu ya binti na malezi yake, ikazuiwa shuleni kwa muda kabla ya kukubalika. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto mashuleni. Simlaumu mzazi kwa kulinda mtoto wake. Nasema tu kwamba anayewaandikia vijana anaandika huku watu wazima watatu wakisoma begani kwake, na mapenzi ya shuleni, mimba, bangi, ukali wa baba, mambo ambayo kijana anayatafuta kitabuni ili ajue hayuko peke yake, ndiyo yanayotolewa kwanza mswada ukifika mezani kwa mhariri.

Hesabu ya mrabaha

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme riwaya inauzwa shilingi 8,000 dukani. Mchapishaji anampa mwenye duka punguzo la asilimia 30, kwa hiyo anapokea 5,600. Mrabaha wa asilimia 10, ambao ndio wa kawaida, ukihesabiwa kwenye fedha aliyopokea mchapishaji unakuwa shilingi 560 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 2,000, na hizo ni nyingi kwa riwaya isiyo kwenye mtaala, mwandishi anastahili 1,120,000. Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye mrabaha, yaani 168,000. Zinabaki 952,000, na huenda zikaja kwa mafungu, miezi mingi baada ya kitabu kutoka.

Ndiyo maana maneno mawili ndani ya mkataba yana uzito kuliko sherehe ya uzinduzi: asilimia 10 ya *bei gani*? Ya dukani au ya mchapishaji? Kwenye mfano wetu tofauti ni shilingi 240 kwa kila nakala. Uliza pia taarifa ya mauzo hutolewa mara ngapi, nani ana haki ya tafsiri na ya filamu, na haki zinarudi kwako lini kitabu kikiisha bila kuchapwa tena. Mkataba wangu wa kwanza niliutia saini nimesimama, kwa furaha ya kuitwa mwandishi. Taarifa ya kwanza ya mrabaha ilinifikia baada ya miaka miwili, ukurasa mmoja usio na mhuri, na sikuwa na kifungu hata kimoja cha kushikilia.

Kuna pia anayekula bila kupika. Kitabu kikishaingia kwenye mtaala, steshenari ya jirani na shule hutoa kopi, ikabana kwa waya, ikauza nusu bei. Faili la PDF nalo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Kenya kuna KOPIKEN inayokusanya ada kwa taasisi zinazotoa kopi. Sheria ipo. Lakini nauli ya kufuatilia kesi ya steshenari moja wilayani inazidi mrabaha wa mwaka.

Kuchapa mwenyewe

Wengi wameamua kujichapia, na hilo si geni. Ben Mtobwa, aliyewanasa vijana wa Tanzania kwa riwaya za upelelezi, alianzisha kampuni yake ya Heko. Eric Shigongo alijenga Global Publishers kwa hadithi za mfululizo magazetini, watu wakinunua gazeti ili wajue kilichotokea. Siku hizi waandishi wa riwaya wamejiunga katika UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira, akiwemo Hussein Tuwa, na wanasaidiana kwenye uhariri na uuzaji.

Turudi kwenye mfano wetu. Umechapa nakala 500 kwa gharama ya shilingi 4,000 kila moja. Umeshatoa milioni mbili. Ukiuza mkono kwa mkono kwa 8,000, nakala 250 zinarudisha mtaji. Ukipitia dukani unahitaji kuuza 358. Na duka linapokea kwa mali kauli: unaacha nakala kumi, unapewa karatasi yenye saini, unarudi baada ya mwezi. Unaambiwa zimeuzwa nne, mwenye fedha amesafiri. Bado hujahesabu mhariri, mchoraji wa jalada na mpangaji wa kurasa, watu watatu ambao anayejichapia hushawishika kuwaruka. Asiwaruke. Kijana huvumilia mambo mengi, lakini kitabu chenye makosa ya kuchapa kila ukurasa atakifunga.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, isikutishe. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Bila namba hiyo maktaba na duka kubwa hawatakupokea.

Siku ya mwandishi

Ni wachache mno wanaoishi kwa riwaya peke yake. Kezilahabi alikuwa mhadhiri. Ken Walibora, ambaye Siku Njema yake ya mwaka 1996 ilipita mikononi mwa kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, aliyefariki mwaka 2020, alitangaza habari na kufundisha chuo kikuu. Wengi wa leo ni walimu, wauguzi, waandishi wa habari. Riwaya huandikwa saa ambazo mwajiri hazihitaji.

Zangu ni saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, kabla jirani hajawasha redio. Maneno 500 yakipatikana nashukuru. Jumamosi ni ya kazi nyingine: kupita madukani kudai, kutuma vifurushi kwa mabasi ya mikoani, kujibu walimu wanaotaka nije kuzungumza na wanafunzi na ambao bajeti yao ni soda na nauli. Nimejifunza kwenda na vitabu kila ninapoalikwa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Sehemu ngumu ya kazi yenyewe ni lugha. Misimu ya vijana hubadilika kabla wino haujakauka, na anayeijaza kitabuni anakizeesha kabla ya wakati. Sura zangu huwasomea watoto wa dada yangu kwa sauti, simu zao zikiwa mezani. Mkono ukienda kwenye simu, naweka alama pembeni ya aya hiyo. Hakuna mhariri aliyewahi kunifundisha kwa ukali kama mkono ule.

Tuzo na simu

Katika miaka ya karibuni, fedha mpya zimekuja kwa njia ya tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, na ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, inapokea miswada ya Kiswahili kutoka popote. Taasisi ya Elimu Tanzania huratibu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Mshindi hupata shilingi milioni 10, na serikali hugharimia kuchapa kitabu na kukipeleka shuleni. Kenya, Tuzo ya Jomo Kenyatta ina kundi maalumu la vitabu vya vijana. Milioni kumi ni mirabaha ya miaka mingi kwa siku moja. Lakini tuzo humlipa mshindi. Soko linatakiwa kumlipa hata wa ishirini, akiandika vizuri.

Njia ya pili ya fedha iko mfukoni mwa msomaji. Waandishi wa simulizi hurusha sehemu za mwanzo bure Facebook na WhatsApp, kisha wanaotaka kuendelea hulipa elfu moja au elfu mbili kwa simu na kutumiwa zilizobaki. Uhariri wake mara nyingi ni hafifu, na faili huvuja siku ya kwanza. Hata hivyo hapa pana jambo ambalo mchapishaji anapaswa kulitazama kwa makini: kijana analipa. Analipa mwenyewe, bila mama kuuliza habari za mtihani, kwa sababu bei ni ile ya bando na hadithi imekatika mahali panapouma.

Kinachowezekana

Mfano mmoja mzuri tunao nyumbani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991 ulimhakikishia mchapishaji kwamba nakala 3,000 kati ya 5,000 za kila kitabu kitakachofaulu zitanunuliwa na kupelekwa shuleni. Uhakika huo uliwafanya wachapishaji wathubutu kutoa hadithi ambazo benki isingezikopesha. Halmashauri zikitenga fungu dogo kila mwaka kwa riwaya za maktaba za shule, zisizo za mtihani, mchapishaji atathubutu tena, na mwandishi wa ishirini naye atapata nafasi.

Jingine liko mikononi mwetu wenyewe. Siku ile Morogoro, mama alipokwenda kumsalimia mwalimu, binti alirudi mezani. Alikuwa na noti ya elfu moja na sarafu za mia tano mbili. Akaniuliza, "Anko, hamna cha elfu mbili?" Nikamwambia hamna. Nilirudi Dar es Salaam na nakala 29, na swali hilo.

Riwaya yangu ya pili nimeikata vitabu vitatu vyembamba, kurasa 60 kila kimoja, karatasi ya kawaida, jalada la rangi mbili. Cha kwanza kinaishia mahali ambapo watoto wa dada yangu walinizuia nisiondoke mezani. Bei ni shilingi 2,000, na hesabu yake ni ya kubana: lazima ziuzwe nyingi ili mtaji urudi. Nimechapa 300 za kuanzia. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ile ameshanipa tarehe ya mahafali, na safari hii nimeomba meza niiweke karibu na geti, mahali wanafunzi wanapopita kabla wazazi hawajafika.