Feni tatu, tundu moja: ufanyeje?

Msikilizaji, joto la kiangazi likikaza hapa Bangwe, kompyuta za mezani za steshenari huchemka, zikawa nzito au kujizima. Kwanza safisha vumbi. Joto likibaki, ongeza feni.

Tatizo ni kwamba mazabodi nyingi za bei nafuu zina tundu moja tu la feni ya kasha. Soma kibandiko cha feni. Tundu moja kwa kawaida hubeba ampea 1. Feni zikiandikwa 0.2A, tatu zitakula 0.6A, hivyo waya wa kugawa unatosha. Hesabu ikikaribia 1, usijaribu bahati: tundu likiungua, utanunua mazabodi. Tumia waya unaochukua umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai, ambako waya wa njano ni volti 12. Feni hizo zitazunguka kwa kasi yote muda wote, kwa hiyo tarajia kelele.

Tundu la feni ya prosesa liache kama lilivyo. Feni ya mbele iingize hewa, ya nyuma iitoe. Na kabla ya kufungua kasha, zima kompyuta na uchomoe waya ukutani.