Siyo mkono mbaya, ni udongo wako!

UKIKATIZA mitaa ya Sinza, Tabata au Mbagala siku hizi utakuta viroba na ndoo mbovu zimejipanga barazani, mchicha na sukuma wiki zimestawi hadi raha. Nyumba ya pili, viroba vile vile, lakini miche imenyong'onyea kama ina malaria. Mwenyewe analalama: "Mimi sina mkono wa kupanda."

Mkono hauna kosa, bibie. Angalia ulichojaza humo ndani.

Wengi tunamwagiza kijana wa mkokoteni udongo mweusi, tukidhani weusi ndiyo rutuba. Muulize kwanza ameuchota wapi! Kama ni mtaroni, nyuma ya gereji au kando ya mto Msimbazi, achana nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Risasi haiozi, na ikishaingia ndani ya jani huitoi kwa kuosha wala kuchemsha. Wanaoumia zaidi ni watoto, maana inashambulia ubongo.

Ukishapata udongo wa mahali safi, upime. Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, tia udongo hadi theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho. Mchanga unatua chini kabisa, mfinyanzi unakaa juu.

Mchanga ukizidi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar, changanya debe mbili za udongo na moja ya samadi. Usiongeze mchanga mwingine, maji yatapita kama kwenye chujio. Mfinyanzi ukizidi, ongeza na debe moja ya mchanga wa mto. Ule wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Samadi nayo isikuponze. Ya moto, yenye harufu kali, itaunguza mizizi. Iloweshe, ifunike, uigeuze mara kwa mara mpaka ipoe, imeng'enyeke na inukie udongo.

Unataka boksi la matofali? Sawa, lakini piga hesabu kwanza. La mita 2 kwa 1, kina sentimita 30, linameza lita 600, yaani debe 30! Kwa mfuko mwembamba, anza na viroba viwili, na usisahau kuvitoboa chini.

Kabla ya kujaza vyote, panda maharage matano kwenye kopo lenye mchanganyiko wako. Yakiota na kunyooka ndani ya wiki moja au mbili, endelea. Yakijikunja au yakigoma, samadi yako bado mbichi au udongo una kasoro. Afadhali upoteze maharage matano kuliko hela ya debe 30.