Kuumwa, Maji na Homa: Maneno ya Kila Siku katika Matokeo ya Utafiti wa Kitabibu wa Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi matokeo ya tafiti tatu za kitabibu zilizofanyika mashariki mwa Uganda yanavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupotosha maana. Hoja yake ni kwamba hatari kubwa haiko katika istilahi ngumu za kigeni, ambazo msomaji huzitambua mara moja kuwa ngeni na kuuliza maana yake. Hatari iko katika maneno ya kawaida kama kuumwa, maji, mshtuko na homa, ambayo kila mtu anadhani anayafahamu. Mifano imetoka Walukuba katika wilaya ya Jinja na katika hospitali ya rufaa ya Mbale.

Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, miaka 17 baada ya marekebisho ya Katiba ya 2005 kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mjadala uliofuata umeelekezwa zaidi shuleni: walimu watatoka wapi, vitabu vitachapishwa na nani, somo litahiniwe vipi. Hayo ni maswali ya haki. Hata hivyo, lugha rasmi haiishii darasani. Siku moja mwongozo wa matibabu, tangazo la wizara au muhtasari wa utafiti utahitajika kwa Kiswahili, na atakayeuandika atakuta kwamba sehemu kubwa ya kazi bado haijafanywa.

Mashariki mwa Uganda ni mahali pazuri pa kuanzia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho mafunzo yake ya udaktari yalianza 1924, wamefanya huko pamoja na wenzao wa ndani na nje ya nchi kazi ambazo zimebadilisha namna watoto wanavyotibiwa hata mbali na Afrika. Mbale kwenyewe sasa kuna kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Karibu kila kilichoandikwa kuhusu kazi hizo kimeandikwa kwa Kiingereza.

Walukuba: kung'atwa au kuugua?

Walukuba iko pembeni mwa mji wa Jinja, kando ya Ziwa Victoria. Sehemu yake kubwa ilijengwa enzi za ukoloni kuwa makazi ya wafanyakazi Waafrika wa mji uliokuwa ukigeuka kuwa mji wa viwanda, hasa baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kufunguliwa 1954. Wafanyakazi hao walitoka pande nyingi, na Kiswahili kilipata nafasi yake miongoni mwao bila kusubiri tamko la serikali. Kwa hiyo hapa Kiswahili si lugha inayoletwa na sera. Kinasikika sokoni na nje ya milango ya nyumba, pamoja na Lusoga na Luganda.

Kuanzia 2011 Walukuba ilikuwa moja ya maeneo matatu ya utafiti wa malaria unaojulikana kama PRISM. Mengine mawili yalikuwa Kihihi, kusini-magharibi mwa nchi, na Nagongera katika wilaya ya Tororo. Katika kila eneo zilichaguliwa kinasibu nyumba 100. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 10 walipewa vyandarua vyenye dawa, wakafuatiliwa kwa miaka miwili na kutibiwa bila kuchelewa kila walipopata malaria. Kila mwezi mbu walinaswa kwa mitego ya taa ndani ya nyumba. Matokeo ya Profesa Moses Kamya na wenzake yalichapishwa 2015.

Kipimo cha kwanza kilikuwa idadi ya mara ambazo mtu hudungwa na mbu mwenye vimelea kwa mwaka. Kwa Walukuba idadi hiyo ilikadiriwa kuwa 2.8, Kihihi 32 na Nagongera 310. Kipimo cha pili kilikuwa idadi ya mara ambazo mtoto hupata malaria kwa mwaka. Walukuba ilishuka kutoka 0.51 katika mwaka wa kwanza hadi 0.31 katika mwaka wa pili. Nagongera ilipanda kutoka 2.33 hadi 3.30.

Sasa na tuiandike habari hii kwa Kiswahili cha kawaida: mtoto huumwa mara 2.8 kwa mwaka. Ni mtoto wa wapi? Ikiwa kuumwa ni kuumwa na mbu, huyo ni wa Walukuba, na anaishi mahali penye maambukizi machache. Ikiwa kuumwa ni kuumwa malaria, huyo hawezi kuwa wa Walukuba hata kidogo. Tarakimu hiyo iko katikati ya zile za Nagongera, penye maambukizi makubwa kupindukia. Sentensi ni ileile na sarufi yake haina kosa. Katika mazungumzo kihusishi na huondoa utata, lakini katika jedwali, kichwa cha safu au muhtasari wa mistari mitatu anaosomewa waziri, na hiyo ndiyo ya kwanza kudondoshwa.

Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo kiini cha habari. Nagongera mtu hudungwa mara 310, lakini mtoto huugua mara mbili au tatu. Walukuba hudungwa mara chache mno, na katika kila midungo sita hadi tisa hivi mtoto mmoja huugua. Si kila mdungo huambukiza, na mwili unaoambukizwa mara nyingi hujenga kinga ya kiasi fulani dhidi ya kuugua, ijapokuwa vimelea hubaki katika damu. Mshauri anayechanganya vipimo hivi hawezi kueleza kwa nini kupunguza mbu kwa nusu mahali kama Nagongera huenda kusipunguze wagonjwa kwa nusu. (Kunyunyizia dawa kwenye kuta kulikoanza Tororo mwishoni mwa 2014 kulipunguza malaria kwa kiasi kikubwa, lakini huko mbu hawakupunguzwa kwa nusu tu, walikaribia kutoweka.)

Suluhisho liko ndani ya lugha yenyewe: kung'atwa kwa mbu, kuugua kwa mtu. Kuumwa kuachwe katika mazungumzo. Vilevile malaria kali, ambayo nyumbani ni malaria inayomlaza mtu kitandani, katika utafiti huu ilikuwa na vigezo vyake. Kati ya matukio 2,582 ya malaria, ni 8 tu yaliyovifikia. Anayesoma tarakimu hiyo kwa maana ya nyumbani atadhani watafiti walikuwa wakificha jambo.

Mbale: maji yapi?

Utafiti wa FEAST ulianza 2009 katika hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule huko Muheza, Tanzania. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, na miongoni mwa washiriki wake wakuu wa Uganda walikuwa Sarah Kiguli, Robert Opoka na Peter Olupot-Olupot wa Mbale. Swali lilikuwa hili. Mtoto anafika hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki inavyotakiwa. Katika nchi tajiri angewekewa mara moja kiasi kikubwa cha majimaji kupitia mshipa. Je, tiba hiyo ingewaokoa watoto wa hospitali zisizo na vyumba vya wagonjwa mahututi?

Watoto waligawanywa kinasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mmiminiko wa haraka wa albumini, la pili mmiminiko wa haraka wa maji ya chumvi, na la tatu halikupewa mmiminiko wowote. Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600. Mwezi Januari 2011, walipokuwa wamefika 3,141, kamati huru iliyofuatilia usalama ilishauri kazi isimame. Baada ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na 7.3 katika kundi lisilopewa mmiminiko. Kwa kila watoto 100 waliopewa tiba iliyoaminiwa kote duniani, walikufa takriban 3 zaidi.

Sentensi ya kwanza inayokuja kalamuni ni hii: watoto waliopewa maji walikufa zaidi kuliko wasiopewa maji. Sentensi hiyo si kweli. Hakuna mtoto aliyenyimwa maji. Makundi yote matatu yalipata dripu ya polepole ya kuutunza mwili, ya mililita 2.5 hadi 4 kwa kila kilo kwa saa. Kilichotofautiana ni kiasi na kasi ya yale ya ziada: mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo, ndani ya saa ya kwanza. Tena, watoto wenye ugonjwa wa kuhara, wenye utapiamlo mkali na walioungua hawakuandikishwa kabisa. Kwa mtoto anayehara, au mwenye kipindupindu, kurudishiwa maji aliyopoteza bado ndiyo tiba inayomwokoa, na FEAST haikugusa jambo hilo.

Habari kwamba maji ya dripu yanaua, ikitoka redioni asubuhi, inaweza kumfikia jioni mama mwenye mtoto anayehara. Kiingereza kilijikinga na hatari hii kwa sababu kina neno la kitaalamu la dozi moja kubwa itolewayo kwa mkupuo, neno lisilofanana na maji ya kunywa. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka. Mmiminiko wa haraka linafaa kwa kuwa linabeba kasi, nayo kasi ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Maji mengi halifai, kwa kuwa dripu ya polepole ya siku nzima nayo huwa maji mengi.

Neno la pili katika habari hiyohiyo ni mshtuko. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya ya huduma ya dharura kwa watoto. Kwa mujibu wake, mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu wa damu asipewe mmiminiko wa haraka. Apewe dripu ya kawaida. Mwenye dalili zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu baridi, damu inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudi chini ya ukucha uliobonyezwa, na mapigo dhaifu yaendayo mbio, huyo ndiye aliye katika hali inayoitwa mshtuko, naye hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa dakika 30 hadi 60. Nyumbani, mtoto mwenye mshtuko ni aliyegutuka usingizini au anayetupa viungo. Huyu wa pili, katika sehemu kubwa ya Uswahilini, huitwa mwenye degedege, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kwa maoni ya makala haya, mwongozo wa wauguzi uandike shoki, neno la kukopa, na uorodheshe dalili tatu kila linapotumika. Wapo watakaoona hilo kuwa uvivu wa kuunda istilahi. Lakini neno zuri la Kiswahili lenye maana nyingine tayari kichwani mwa msomaji ni baya zaidi kuliko la kukopa.

Homa ya mdomoni na homa ya kipimajoto

Utafiti wa TRACT, uliochapishwa 2019, ulifanyika Mbale, Soroti, Mulago na Blantyre nchini Malawi. Ulihusu zaidi ya watoto 3,000 wenye upungufu mkubwa wa damu. Baadhi waliongezewa mililita 20 za damu kwa kila kilo, wengine 30. Kwa jumla haikuonekana tofauti ya vifo kati yao. Tofauti ilijitokeza watoto walipotenganishwa kwa homa: wasiokuwa na homa walinufaika na mililita 30, ilhali wenye homa walifanya vizuri zaidi kwa 20.

Homa hiyo ilikuwa joto la mwili lililozidi nyuzi 37.5 wakati wa kuandikishwa. Katika Kiswahili, homa ya ini ni ugonjwa wa ini hata mwili ukiwa baridi, na mama anayesema mtoto ana homa tangu juzi anaeleza ugonjwa mzima. Luganda nayo hutumia omusujja kwa homa na kwa malaria. Kiasi cha damu hakiwezi kuamuliwa kwa jibu la swali "Je, ana homa?" Mwongozo hauna budi kuuliza joto lililopimwa ni nyuzi ngapi, na lini.

Ridhaa katika dakika chache

FEAST ilishughulika na watoto waliokuwa wakikata roho, hivyo mzazi aliombwa kwanza akubali kwa mdomo, kisha akaelezwa kwa kirefu na kuombwa saini mtoto alipopata nafuu. Uchunguzi wa kijamii uliofanyika Soroti na Kilifi ulihoji wazazi 51 pamoja na watumishi. Kwa ujumla utaratibu huo ulionekana kufaa, kwa sababu haukuchelewesha tiba. Hata hivyo, kukubali kwa mdomo kulipungua thamani pale maelezo ya mwanzo yalipokuwa haba au hayakueleweka. Baadhi ya wazazi walidhani saini ni njia ya madaktari kujivua lawama.

Hapa mfasiri ana nafasi ndogo: sentensi tatu au nne, zikisomwa kwa mtu anayelia. Neno jaribio litamtisha, kwa kuwa hakuna anayetaka mwanawe ajaribiwe. Neno utafiti halimwambii kwamba tiba itaamuliwa kinasibu. Kauli iliyo wazi zaidi ni ndefu kidogo: madaktari hawajui ni ipi kati ya njia hizi iliyo bora, na mtoto wako atapewa mojawapo bila mtu kuchagua. Hakuna istilahi hata moja ndani yake. Kamati za maadili huipokea fomu ikiwa na tafsiri yake pamoja na hati ya mfasiri. Jambo lisilogharimu sana lingekuwa kuongeza sharti moja: kabla fomu haijaidhinishwa, isomwe kwa wazazi wachache wasiohusika na utafiti, Walukuba au Mbale, nao waombwe kueleza kwa maneno yao wenyewe mtoto atafanyiwa nini. Majibu yao yaambatishwe kwenye maombi, hata yale yanayoonyesha kwamba tafsiri imeshindwa.