Mawese ya mtoto wako yalivunwaje?

Katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, mawese ya Kigoma huuzwa kwa chupa na kwa madumu. Wazazi wengi huuliza bei tu, lakini rangi na ladha yake nazo zina cha kueleza.

Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa hushindwa kuona vizuri giza linapoingia, na surua au kuhara humlemea zaidi. Kijiko kidogo cha mawese kwenye mchicha au maharage humsaidia. Yakichomwa jikoni hadi kuwa meupe, karotini imekwenda. Hata hivyo, mawese si mbadala wa matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka.

Ubora wake huanzia shambani. Chikichi hujaza mafuta wiki za mwisho kabla ya kuiva, hivyo mkungu uliokatwa mbichi hutoa kidogo. Dalili ya kuvuna ni chikichi chache kuanza kudondoka zenyewe. Zikipondeka, au zikikaa siku nyingi bila kukamuliwa, asidi hupanda na mawese hukereketa koo.

Mti nao una mipaka yake. Mchikichi una kichwa kimoja tu cha kuchipulia, kikikatwa, umekufa. Majani yakipunguzwa kupita kiasi, mikungu nayo hupungua.

Peru wamelipia somo hilo. Katika misitu ya majimaji ya Amazon kuna mti wa jamii ya mchikichi uitwao aguaje, ambao tunda lake pia lina karotini nyingi. Huzaa miti ya kike pekee, na wavunaji waliiangusha ili wapate mikungu. Sehemu nyingine zikabaki na madume matupu. Sasa baadhi ya vijiji huikwea kwa mikanda na kuiacha hai.

Kigoma, shida ni miti iliyozeeka na mbegu. Michikichi mingi ya huko ni Dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kufufua zao hilo, na kituo cha TARI Kihinga huzalisha mbegu za Tenera, yenye nyama nyingi zaidi.

Tenera ni chotara. Mbegu iliyookotwa chini yake huweza kurudi kuwa Dura, au kuwa Pisifera ambayo mara nyingi haizai. Mkulima hugundua baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia, na ada ya watoto ilikuwa ikisubiri shamba hilo.

Kwa hiyo, mwenye shamba Kigoma achukue miche kwenye kituo au kitalu kinachotambulika. Mnunuzi wa Kariakoo aonje kabla ya kulipa, achague yasiyokereketa, kisha ayahifadhi kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na jua.