Kusafisha Picha Nyumbani: Makosa ya Chumba cha Giza

Wasikilizaji wangu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kazi ya kusafisha filamu na kuchapa picha nyumbani. Siku hizi watu wengi hupiga picha kwa simu, na picha huonekana papo hapo bila dawa wala giza. Hata hivyo filamu za nyeusi na nyeupe zingali zikitengenezwa, na wako watu katika nchi mbalimbali wapendao kuzisafisha kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo si ngumu. Mwanafunzi ajuaye kusoma saa na kipimajoto aweza kuifanya. Lakini ina makosa yake, na makosa hayo hayana uzito mmoja. Mengine hupoteza karatasi moja tu, na mengine hupoteza picha isiyoweza kupigwa tena. Nataka tuyagawe mafungu mawili, ili anayeanza ajue ni wapi yampasa kuogopa, na ni wapi aweza kujaribu bila hofu.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, kitu kitokacho katika ngozi na mifupa ya wanyama. Ndani ya jelatini mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga uingiapo katika kamera huzigusa chembe hizo, nazo hubadilika kidogo, lakini jicho haliwezi kuliona badiliko hilo. Picha imo, nayo imefichika. Dawa ya kwanza, yaani dawa ya kusafishia, huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, nayo huonekana nyeusi. Dawa ya pili, yenye ukali kama wa siki, huisimamisha ile ya kwanza. Dawa ya tatu huziyeyusha chembe zote zisizoguswa na mwanga, zisije zikageuka nyeusi baadaye. Hii tuiite dawa ya kukazia, maana ndiyo ikazayo picha isipotee. John Herschel, mtaalamu wa Uingereza, alitambua mwaka 1819 kwamba chumvi ziitwazo thiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 zilianza kutumiwa kukazia picha. Hata leo dawa za kukazia zatokana na jamii hiyo hiyo. Mwisho huja maji safi, yaondoayo mabaki ya dawa.

Filamu iliyokwisha kusafishwa huitwa negativu. Mambo yake ni kinyume: kanzu nyeupe huonekana nyeusi, na kivuli cha mwembe huonekana cheupe. Ndipo mwanga hupitishwa katika negativu na kuangukia karatasi, na karatasi nayo hutiwa katika dawa tatu za namna ile ile. Hapo mambo hugeuka mara ya pili, na kila kitu huonekana kama kilivyokuwa.

Sasa tofauti yenyewe ndiyo hii. Karatasi ikiharibika, negativu ingalipo, na mtu aweza kuchapa nyingine. Filamu ikiharibika, hakuna cha kurudia. Mtu akimpiga picha bibi yake mzee leo, na mzee akafariki mwezi ujao, kosa la dakika moja gizani limemwondolea wajukuu wote sura ya bibi yao. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo tuanze na makosa ya filamu.

Kosa la kwanza ni kuitumainia taa nyekundu. Watu wengi wamekwisha kuona picha za chumba cha giza chenye taa nyekundu, wakadhani taa hiyo yafaa kwa kazi zote. Sivyo. Zamani zilikuwako filamu nyingi zisizoona rangi nyekundu, na hizo ziliweza kusafishwa mbele ya taa hiyo. Lakini filamu za kawaida za leo huona rangi zote. Zitolewapo katika kasha lake na kuzungushwa katika kigurudumu cha mkebe wa kusafishia, sharti giza liwe kamili. Kabla ya kuanza, keti ndani ya chumba ukiwa umefunga mlango, ukae dakika 5. Macho yakisha kulizoea giza, utaona mstari wa mwanga chini ya mlango au tundu katika bati ambalo hukuliona kwanza. Ziba kwa nguo nzito. Usiku ni bora kuliko mchana. Tena jizoeze kuizungusha filamu ya zamani isiyo na kazi, kwanza ukiwa umefumbua macho, kisha ukiwa umeyafumba, hata vidole vijue njia. Filamu ikikunjwa vibaya, mkunjo mmoja hugusa mwingine, dawa haipiti, na mahali hapo hubaki na doa la rangi ya maziwa.

Kosa la pili ni kuyachanganya machupa. Mtu akitangulia kutia dawa ya kukazia, chembe zote huyeyuka, zilizoguswa na mwanga na zisizoguswa, na filamu hutoka nyeupe kama kioo. Kwa kawaida picha hiyo hairudi tena. Kwa hiyo andika jina juu ya kila chupa, uandike na tarehe uliyoichanganya dawa, kisha uyapange machupa kwa mfuatano wa kazi kabla ya kugusa filamu. Dawa ya kusafishia huharibiwa na hewa. Ikiwa imegeuka rangi ya chai nzito, usiijaribu kwa filamu yenye thamani.

Kosa la tatu ni kulidharau joto, na hili hutupata hasa sisi wa nchi za joto. Maelezo ya dawa nyingi yametungwa kwa nyuzi 20 za Sentigredi, yaani nyuzi 68 za Fahrenheit. Maji ya pwani aghalabu hupita kiasi hicho. Dawa ikiwa na joto zaidi hufanya kazi upesi zaidi: filamu ihitajiyo dakika 10 katika nyuzi 20 hutaka dakika 7 hivi katika nyuzi 24. Asiyepunguza dakika atapata negativu nyeusi mno, ngumu kuchapa. Weka machupa katika beseni la maji ya mtungi, au maji yaliyotiwa barafu, uyapime kwa kipimajoto. Usifanye shabaha yako kuwa muda mfupi sana. Chini ya dakika 5 dawa huelekea kushika mahali pengine zaidi kuliko pengine. Jambo lingine ni hili: dawa zote, na maji ya kuoshea pia, ziwe na joto lililo karibu sawa. Jelatini ikitolewa katika dawa ya moto na kutiwa ghafula katika maji ya baridi, huweza kuingia nyufa ndogo ndogo kama tope lililokaukia juani.

Kosa la nne ni kutotikisa mkebe, au kuutikisa bila mpango. Dawa iliyo karibu na filamu huchoka, na sharti ibadilishane na iliyo mbali. Desturi ifuatwayo na wengi ni kuupindua mkebe taratibu kwa sekunde 30 za kwanza, kisha sekunde 10 katika kila dakika. Kila mara umalizapo, gonga mkebe juu ya meza ili mapovu yaachane na filamu. Povu likikaa mahali pamoja, dawa haifiki, na hapo patabaki tundu jeupe katika negativu, ambalo litakuwa doa jeusi katika picha.

Kosa la tano ni haraka ya kukazia. Chukua kipande cha ncha ya filamu, kile kikatwacho kabla ya kuizungusha, ukitie katika dawa ya kukazia na kutazama saa. Hesabu muda upitao hata kiwe angavu kabisa, ukauzidishe mara mbili. Huo ndio muda wa kukazia filamu yako. Dawa ikitumiwa mara nyingi muda huo huongezeka. Ukifika mara mbili ya ule wa dawa mpya, dawa imechoka, iache.

Kisha huja kuosha. Wengine husema kazi hii haiwezekani mahali pasipo na mfereji. Si kweli. Kiwanda cha Ilford cha Uingereza hufundisha njia itumiayo maji kidogo, kwa filamu iliyokaziwa kwa dawa ya upesi isiyotiwa kitu cha kuugandisha utando. Jaza mkebe maji, uupindue mara 5, umwage. Jaza tena, uupindue mara 10, umwage. Jaza mara ya tatu, uupindue mara 20, umwage. Baada ya hapo itundike filamu mahali pasipo vumbi wala upepo, na kibanio cha nguo chini yake isijikunje. Usiikaushe juani, wala usiipanguse kwa kitambaa. Jelatini iliyolowa ni laini, na chembe moja ya mchanga hutosha kuikwaruza toka mwanzo hata mwisho.

Ikiwa filamu imetoka tupu, usikate tamaa kabla ya kuisoma. Pembeni mwake kiwanda huandika tarakimu na herufi kwa mwanga. Zikionekana nyeusi vizuri, dawa zako zilifanya kazi, na kosa lilikuwa katika kamera: pengine filamu haikusogea, au mwanga haukuingia. Zisipoonekana kabisa, kosa lilikuwa katika dawa. Hivyo filamu iliyopotea yaweza kuokoa ile ya pili.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako mtu aweza kukosea na kujifunza. Karatasi ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haioni mwanga mwekundu, basi hapa taa nyekundu ina kazi yake. Walakini ijaribu kwanza. Weka sarafu juu ya karatasi chini ya taa hiyo kwa dakika 5, kisha isafishe karatasi. Ukiona duara jeupe mahali pa sarafu, taa ina mwanga mwingi mno au iko karibu mno.

Kosa kubwa la wachapaji wapya ni kuitoa karatasi katika dawa mapema kwa sababu wameiona ikiwa nyeusi. Taa nyekundu hudanganya. Picha huonekana nzito kuliko ilivyo. Karatasi iliyotolewa mapema huwa ya kijivu, yenye mabaka, isiyo na weusi wa kweli. Iache imalize muda wake ulioandikwa, na ikiwa bado ni nyeusi mno, punguza mwanga wa mashine ya kukuzia picha, usipunguze muda wa dawa. Njia ya kuujua mwanga ufaao ni kukata kipande chembamba cha karatasi, ukakifunika na kukifunua hatua kwa hatua, ili sehemu moja ipate sekunde 5, nyingine 10, nyingine 15, nyingine 20. Kikisha kukaziwa, kitazame mbele ya taa nyeupe, uchague.

Kosa jingine ni vidole. Kila beseni liwe na koleo lake. Tone la dawa ya kukazia likiingia katika dawa ya kusafishia huichafua, na vidole vyenye dawa hiyo huacha alama katika karatasi kavu. Tena jifunze kuzisoma nukta: nukta nyeupe katika picha ni vumbi lililokaa juu ya negativu wakati wa kuchapa, nalo hupulizwa likatoka, nukta nyeusi huenda ni lile povu tulilolitaja, nalo halitoki.

Liko kosa moja la karatasi ambalo limefanana na makosa ya filamu, kwa kuwa huonekana wakati wa kurudia umekwisha kupita. Ni kutokazia au kutoosha vya kutosha. Picha hutoka nzuri, hutiwa katika fremu, na baada ya miaka huanza kuwa ya manjano, kisha hufifia. Siku hiyo huenda negativu imekwisha kuliwa na mende. Karatasi yenye utando wa plastiki hutosheka kwa dakika chache za maji yanayobadilishwa, lakini karatasi isiyo na plastiki hunywa dawa kama kitambaa, nayo yaweza kutaka saa nzima. Ranchhod Oza alifungua duka lake, Capital Art Studio, mjini Unguja mwaka 1930, na picha za mji zilizochapwa humo zimeishi kuliko wengi wa watu waonekanao ndani yake. Picha hazidumu hivyo ila kwa kukaziwa na kuoshwa vema.

Mwisho, neno juu ya usalama. Usitumie sufuria wala vikombe vya jikoni kwa dawa hizi, wala usizitie katika chupa za soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi karatasi iliyobandikwa. Uchanganyapo asidi kali, mimina asidi katika maji, usimimine maji katika asidi. Acha hewa ipite chumbani kila upatapo nafasi. Na dawa ya kukazia iliyochoka imejaa fedha. Usiimwage karibu na kisima au mto.

Haya basi, wasikilizaji. Mwenye filamu ya kwanza na aanze kwa filamu ya majaribio, ya miti na nyumba ya jirani, ambayo ikiharibika hapana atakayelia. Picha za wazee na angoje kuzisafisha mpaka mkono umezoea. Kwaherini.